Sura ya Tano: Kumeza Kuanze Kabla ya Mionzi

Mwaka 1991 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, na matokeo hayo yakabadilisha namna saratani ya koromeo inavyotibiwa duniani. Hadi wakati huo mtu mwenye uvimbe mkubwa wa koromeo aliambiwa njia ya kawaida ya kupona ni kukatwa koromeo lote, apumue kwa tundu lililotobolewa shingoni na aishi bila sauti yake. Katika utafiti huo wagonjwa 332 waligawanywa kwa nasibu: nusu walipelekwa kwenye upasuaji, nusu wakaanzishiwa dawa za kemo na kufuatishiwa mionzi. Miaka miwili baadaye asilimia 68 ya kila kundi walikuwa hai, na karibu theluthi mbili ya waliopewa dawa na mionzi walikuwa bado na makoromeo yao. Hospitali kubwa zikaifuata njia hiyo, na lengo likaitwa kuhifadhi kiungo. Ilichukua miaka mingi kukubali kwamba kiungo kinaweza kubaki mahali pake na kazi yake ikafa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliunganisha kumbukumbu za majaribio matatu ya kutoa dawa na mionzi kwa pamoja, na miongoni mwa wagonjwa 230 walioweza kuchunguzwa, asilimia 43 walikuwa wamepata madhara makali ya muda mrefu ya koo na koromeo. Walikuwa wamepona saratani, lakini mlo ukawa mtihani wa kila siku, na baadhi yao walikuwa bado wanalishwa kwa mpira.

Kumeza tunakufanya mamia ya mara kwa siku bila kukufikiria, hata usingizini, ndiyo maana ni wachache wanaojua ni kazi kubwa kiasi gani. Ulimi ukishalisukuma tonge nyuma ya kinywa, misuli zaidi ya 30 hupokezana kazi kwa mpangilio usioruhusu kosa: kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya puani, shina la ulimi hurudi nyuma na kusukuma, mfupa mdogo ulio chini ya kidevu huvutwa juu na mbele pamoja na koromeo, kifuniko cha koromeo huinama, nyuzi za sauti hujifunga, na mlango wa umio hufunguka. Tonge hulipita koo lote ndani ya sekunde moja hivi. Koromeo likichelewa kupanda, au likipanda nusu, mlango wa umio haufunguki vya kutosha, na mabaki ya chakula hukaa kooni yakisubiri pumzi inayofuata iyavute mapafuni. Mtu mwenye afya njema akipaliwa hukohoa, machozi yakamtoka, mambo yakaisha. Mtu ambaye koo lake limechomwa na mionzi anaweza kupaliwa asikohoe, kwa sababu utando wa ndani umepoteza hisi. Chakula hushuka mapafuni kimyakimya, na dalili ya kwanza ambayo familia huiona ni homa ya nimonia. Uchambuzi wa kumbukumbu za wazee wa Marekani waliotibiwa kwa dawa na mionzi kwa pamoja, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba karibu robo yao walipata nimonia ya kupaliwa ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo tunapozungumzia kumeza tunazungumzia uhai wenyewe, pamoja na raha ya kula.

Hoja ya sura hii ni kuhusu wakati. Mgonjwa wa saratani ya kinywa, ulimi, koo, koromeo au nyuma ya pua anapopangiwa mionzi, tiba ya kumeza inapaswa kuanza kabla ya dozi ya kwanza, wakati bado anameza vizuri na pengine haoni sababu ya kufundishwa jambo alilolijua tangu kuzaliwa. Katika sehemu nyingi utaratibu ni kinyume cha hapo: mgonjwa huachwa hadi ashindwe kula, awekewe mpira, amalize mionzi, angojee vidonda vipone, na miezi ikishapita ndipo mtu anapofikiria kumtafutia mtaalamu. Kufikia hapo nafasi nzuri imeshapita, na sababu yake iko ndani ya misuli.

Mionzi ya kawaida ya eneo hili huchukua wiki sita hadi saba, siku tano kwa wiki, na wagonjwa wengi hupata dozi 35. Wiki ya kwanza hupita kwa upole. Kuanzia ya pili au ya tatu utando wa kinywa huanza kuchubuka, mate huwa mazito kisha hukauka, chakula hakina ladha au kinaonja kama chuma, na kila mkupuo huuma. Mgonjwa hupunguza chakula kigumu, halafu laini, mwishowe hata maji huyanywa kwa kujilazimisha. Madhara mawili hukutana hapo. La kwanza ni la mionzi yenyewe, inayowasha moto wa uvimbe ndani ya misuli, na moto huo ukipoa huacha nyuzi za kovu mahali palipokuwa na nyama laini. Shingo hukakamaa, taya hukaza, koromeo hushindwa kupanda. La pili ni la kutotumika. Mguu uliofungwa plasta hukonda kwa wiki chache tu hata kama mwenyewe ni mwanariadha, na misuli ya koo nayo ikisimamishwa kazi hukonda vivyo hivyo. Dhara la kwanza mgonjwa hawezi kulikwepa bila kuikataa tiba. La pili anaweza kulipunguza kwa kiasi kikubwa, na ubaya wake ni kwamba hutokea katika wiki zilezile ambazo kovu linajengwa, hivyo misuli iliyolala hufungwa ikiwa imelala.

Ushahidi kwamba kuchelewa kuna gharama umetoka kwenye utafiti ambao watafiti wake walitumaini kuona kinyume. Susan Langmore na wenzake nchini Marekani waliwachukua wagonjwa 170 waliokuwa na shida ya kumeza tangu walipomaliza mionzi, wakawapa wiki 12 za mazoezi makali nyumbani, baadhi yao wakiongezewa mtambo wa kusisimua misuli kwa umeme na wengine mtambo wa bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Umeme haukuongeza chochote, na mazoezi yenyewe hayakuleta mabadiliko ya kutosha katika namna tonge linavyopita kooni. Walikuwa watu wenye nia waliopewa mazoezi yanayofaa na kusimamiwa, ila koo lao lilikuwa limeshakakamaa. Sisemi kwamba aliyechelewa aachwe, kwa kuwa wapo wanaonufaika na tiba kali ya baadaye na hata nafuu ndogo ina thamani kubwa kwa mtu anayetaka kukaa mezani na wanawe. Lakini hospitali inayoweka nguvu zake zote baada ya kovu kukomaa inajipangia kazi ngumu kuliko ile iliyoiacha ipite.

Wazo la kutangulia lilianza kupata ushahidi katika miaka ya 2000. Huko Birmingham, jimbo la Alabama, madaktari waliwaanzishia wagonjwa mazoezi wiki mbili kabla ya mionzi, wakaandika mwaka 2006 kwamba hao waliridhika na kumeza kwao kuliko waliofundishwa baadaye. Jaribio lenye uzito zaidi lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Florida na kuchapishwa mwaka 2012. Giselle Carnaby na wenzake waliwagawa wagonjwa 58 katika makundi matatu: la matunzo ya kawaida, la mazoezi ya bandia yasiyolenga misuli ya kumeza, na la mazoezi halisi yaliyofanywa kila siku katika kipindi chote cha mionzi. Hawakutegemea maneno ya wagonjwa pekee. Waliipiga picha misuli ya ulimi na ya sakafu ya kinywa kwa mashine ya sumaku kabla na baada, wakakuta misuli ya waliofanya mazoezi halisi imeharibika kidogo kuliko ya wengine, na uwezo wao wa kumeza umeshuka kidogo kuliko wa wengine. Nauona ushahidi huu kuwa muhimu kuliko mingine kwa sababu unaonyesha njia: unatuambia tiba inafanya kazi na pia inafanyia wapi.

Mwaka uliofuata Katherine Hutcheson na wenzake katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walichapisha kumbukumbu za wagonjwa 497 waliotibiwa saratani ya koo kati ya mwaka 2002 na 2008. Waliuliza mambo mawili tu: je, mgonjwa alikuwa bado anakula kwa mdomo mionzi ilipoisha, na je, alifanya mazoezi aliyofundishwa? Wagonjwa 131 walikuwa hawali kabisa kwa mdomo, 167 walikuwa wanakula kidogo wakisaidiwa na mpira, na 199 walikuwa wanakula kwa mdomo peke yake. Walioendelea kula walirudi kwenye chakula cha kawaida zaidi ya walioacha, na waliofanya mazoezi waliutoa mpira mapema kuliko wasioyafanya. Waliofanya yote mawili ndio waliokuwa na hali bora kuliko wote. Jambo hili la kula linastahili kusisitizwa, kwa sababu watu wakisikia tiba hufikiria mashine na mbinu za kitaalamu. Zoezi kubwa kuliko yote ni mlo wenyewe. Mgonjwa anayemeza uji mara tatu kwa siku katika wiki ya tano, hata kama ni vijiko kumi na kila kijiko kinauma, ameitumikisha misuli yote kwa mpangilio ule inaoufahamu.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida kiasi kwamba wengine huyadharau. Kuna kumeza kwa nguvu, ambapo mtu humeza mate kana kwamba anasukuma kipande kikubwa. Kuna zoezi la Masako, lililopewa jina la mtafiti Masako Fujiu: unaishika ncha ya ulimi kwa meno ya mbele na kumeza hivyo hivyo, ili ukuta wa nyuma wa koo ulazimike kusogea mbele. Kuna la Mendelsohn, la kumeza na kulishikilia koromeo juu kwa sekunde chache kabla ya kuliachia. Kuna la Shaker, la kulala chali bila mto na kuinua kichwa hadi uone vidole vya miguu huku mabega yakibaki chini. Hilo huimarisha misuli inayolivuta koromeo. Ulimi husukumwa juu kwenye kaakaa, sauti hupandishwa hadi ile nyembamba kabisa, na taya hufunguliwa hadi mwisho na kushikiliwa. La taya lina kipimo chake: mdomo ukishindwa kufunguka milimita 35 kati ya meno ya juu na ya chini, taya limeanza kukaza, na mtaalamu anaweza kulifungua polepole kwa vijiti bapa vya kukandamizia ulimi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akiongeza kimoja kila baada ya siku kadhaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji umeme.

Kwa upande wa chakula, jikoni mwetu Afrika Mashariki mna hazina ambayo vitabu vya ng'ambo havina sababu ya kuitaja. Mgonjwa anayepaliwa na maji matupu mara nyingi humudu kitu kizito kidogo, kwa kuwa maji hukimbia kooni kabla ya koromeo kujifunga. Uji wa ulezi au wa dona una uzito unaoweza kupandishwa na kushushwa kwa kijiko cha unga. Mtori wa ndizi na nyama iliyopondwa una nguvu na unateleza. Parachichi, mtindi, viazi vilivyopondwa na maziwa, mayai ya kuvurugwa yenye unyevu, vyote ni vya kundi hilo. Ugali mkavu humshinda mtu asiye na mate, lakini tonge dogo laini lililozamishwa kwenye mlenda au bamia linaweza kupita, kwani ute wa mboga hufanya sehemu ya kazi ya mate yaliyokauka. Pilipili, ndimu, ukwaju na chai ya moto sana vinasubiri. Na kanuni nzuri ni kushuka ngazi moja moja: anayeshindwa wali apewe bokoboko, anayeshindwa bokoboko apewe uji, asirukishwe kutoka wali hadi mpira kwa siku moja kwa sababu ya usiku mmoja mbaya.

Sasa pingamizi. Zito kuliko yote linatoka kwa watafiti wenyewe. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio sita yenye wagonjwa 326, yakahitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa mazoezi yanayofanywa kabla, wakati au mara baada ya tiba yanashinda matunzo ya kawaida. Jaribio dogo la Marekani la mwaka 2012 lenye wagonjwa 26 liliona faida katika mwezi wa tatu na wa sita, lakini katika mwezi wa tisa na wa kumi na mbili tofauti haikuonekana tena. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 haukuona tofauti ya maana. Anayeyasoma haya kwa haki hawezi kusema mambo yamekwisha thibitika, na ningependa mtetezi wa tiba hii ayataje kabla hajaulizwa. Hata takwimu za Houston zina udhaifu unaojulikana: inawezekana walioendelea kula ni wale ambao hawakuumwa sana tangu mwanzo, na kwamba hali yao njema iliwaletea mlo, wala mlo haukuwaletea hali njema. Watafiti walijaribu kulisawazisha hilo kwa hesabu, wakizingatia ukubwa wa uvimbe na aina ya tiba, lakini hesabu haiwezi kuona kila kitu.

Hata hivyo, tuangalie majaribio yaliyoshindwa yalishindwaje. Yalikuwa madogo, yalitumia mazoezi tofauti na kupima vitu tofauti, na katika mengi yao waliopangiwa mazoezi hawakuyafanya. Katika uchunguzi mwingine wa Houston, uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 109 waliofundishwa mazoezi waliulizwa waliyafuata kiasi gani: asilimia 13 walikuwa wameyafuata yote na asilimia 32 sehemu tu. Zaidi ya nusu hawakufanya. Dawa ambayo nusu ya wagonjwa hawakuimeza haiwezi kuhukumiwa kwa matokeo ya kundi zima. Mtu anaweza kujibu kwamba tiba isiyofuatika ni tiba mbovu, na jibu hilo lina haki yake. Lakini basi swali linahama kutoka kwenye misuli kwenda kwenye usimamizi, na swali la usimamizi lina majibu. Zaidi ya hayo kuna suala la mizani. Upande mmoja kuna gharama ya kumfundisha mtu kumeza mate kwa nguvu na kuendelea kunywa uji. Upande wa pili kuna hatari ya kulishwa kwa mpira maisha yote. Daktari anayesubiri ushahidi usio na doa ndipo aanze jambo lenye madhara madogo kiasi hiki amechagua, na uchaguzi wake unalipiwa na mgonjwa.

Pingamizi la pili ni la huruma, na kwa familia nyingi ndilo lenye nguvu. Mama amekonda, kinywa kimejaa vidonda, analia akimeza, halafu tumwambie afanye mazoezi? Mwacheni apumzike, awekewe mpira, akipona atakula. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini imeelekezwa kwenye wiki moja na kuisahau miaka itakayofuata. Maumivu yana tiba yake, na mahali pa kuanzia ni hapo badala ya kuacha kula. Uganda imetoa mfano wa kuigwa: tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, morfini ya maji imewafikia wagonjwa wasio na fedha. Ikinywewa nusu saa hivi kabla ya mlo, pamoja na dawa ya kusukutua inayotia ganzi, vijiko vinavyopita huongezeka. Mpira nao si adui. Mgonjwa anayepoteza uzito kwa kasi anauhitaji, na kuuchelewesha kwa ukaidi ni kosa la aina yake. Linalotakiwa ni kwamba siku mpira unapowekwa mgonjwa na ndugu zake waambiwe wazi kuwa mpira unabeba lishe tu, na kazi ya koo inaendelea: vijiko vichache vya uji, mikupuo michache ya maji, mate kila baada ya muda. Kinachoua koo ni lile agizo la kutopitisha chochote mdomoni linalotolewa kwa mazoea na kusahauliwa hapo kwa wiki nyingi.

Je, kuendelea kula si hatari kwa anayepaliwa? Ni hatari kwa baadhi, na hapa pingamizi ni sahihi kabisa. Mtu ambaye uvimbe wenyewe umeziba njia, au anayepaliwa tangu kabla ya tiba, au mwenye tundu la kupumulia shingoni, hapaswi kupewa maelekezo ya jumla. Lakini pingamizi hili linaiunga mkono hoja ya kutangulia badala ya kuipinga, kwani huwezi kumtambua mtu huyo usipompima kabla ya mionzi. Palipo na vifaa hupimwa kwa eksirei ya video akiwa anameza beriamu, njia ambayo Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliieneza duniani. Pasipo na vifaa kuna kipimo cha mililita 100 za maji: muuguzi anahesabu mikupuo na sekunde, anasikiliza kikohozi na sauti inayokuja baadaye kama ina majimaji. Hakioni kila kitu, hasa kupaliwa kwa kimya, lakini kinampa kila mgonjwa kumbukumbu ya mwanzo, na kikirudiwa kila wiki kinaonyesha nani anateremka. Usafi wa kinywa uambatane nacho, kwa sababu mate machafu yakiingia mapafuni huleta nimonia hata kwa mtu ambaye hajala chochote.

Wapo pia wanaosema mashine mpya zitaliondoa tatizo. Kuna ukweli ndani yake. Jaribio la Uingereza na Ireland lililochapishwa mwaka 2023, likiongozwa na Christopher Nutting, lilipanga mionzi ya wagonjwa 112 ili nusu yao misuli ya kumeza ikwepwe pale ambapo saratani haipo. Mwaka mmoja baadaye waliokwepwa walijipa alama 77.7 kwa mia katika dodoso la kumeza, na wengine 70.6. Ni maendeleo makubwa, na kila kituo chenye uwezo kinapaswa kuyafuata. Lakini hata alama 77.7 si koo zima, na upangaji wa aina hiyo unadai mashine za kisasa, wanafizikia na muda. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine ya zamani ya kobalti hupata mionzi katika eneo pana la shingo lake, hivyo haja yake ya kuitumikisha misuli ni kubwa zaidi ya yule wa London. Wamo pia vijana. Saratani ya nyuma ya pua, inayohusishwa na virusi vya Epstein-Barr na ambayo madaktari wa Nairobi wameichunguza tangu miaka ya 1960, mara nyingi haifikiki kwa kisu, kwa hiyo hutibiwa kwa mionzi, na huwapata hata watu ambao maisha yao mengi yangali mbele. Kwa kijana wa namna hiyo kovu lina miongo ya kukomaa, na shida ya kumeza inaweza kujitokeza hata miaka mingi baada ya kupona.

Linabaki lile la wataalamu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya tiba ya usemi na lugha, fani inayoshughulikia pia kumeza, mwaka 2008, na wahitimu wa fani hiyo bado ni wachache mno katika eneo letu ukilinganisha na wagonjwa. Nani basi atafundisha? Jibu langu linaanzia kwenye utafiti wa Ubelgiji uliolinganisha njia tatu za kuwasimamia wagonjwa katika mazoezi ya kumeza: karatasi ya maelekezo, programu ya simu, na mtu wa kukaa nao ana kwa ana. Waliokaa na mtu ndio waliofanya mazoezi zaidi. Wengine watasema hilo linathibitisha kuwa bila wataalamu wengi hatuwezi. Mimi naliona tofauti: kilichosaidia zaidi ni uwepo wa mtu wa kumuuliza mgonjwa leo umefanya mara ngapi, na mtu huyo anaweza kuwa muuguzi aliyefunzwa na mtaalamu mmoja anayezunguka. Mgonjwa wa mionzi ana jambo ambalo wagonjwa wengine hawana. Huja hospitali siku tano kwa wiki kwa wiki saba, na kila siku hukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Anayetoka Kigoma au Mtwara kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road mara nyingi hulazimika kupanga au kukaa kwa ndugu Dar es Salaam kipindi chote hicho. Dakika 15 za benchi, watu wanane wakifanya pamoja na muuguzi mmoja akiongoza, hazihitaji jengo jipya. Wanaofanya kwa pamoja huonana nani ameacha kuja, na hukumbushana. Hata katika Ramadhani, ambapo mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga lakini wengine hung'ang'ania, mazoezi ya kumeza mate yanaweza kuendelea, kwani mate ya mtu mwenyewe hayabatilishi saumu.

Wasimamizi wa hospitali watauliza hatua hii itaingizwa wapi katika safari ya mgonjwa ambayo tayari ni ndefu. Nafasi ipo, na imeshazoeleka. Mgonjwa wa saratani ya kinywa au koo hatakiwi kuanza mionzi kabla ya kuonwa na daktari wa meno, kwa sababu jino bovu likija kung'olewa baadaye kwenye taya lililochomwa, mfupa unaweza kuoza. Madaktari walikubali kutumia siku kadhaa kwa ajili ya meno kwa vile walijua dhara likishatokea halina dawa nyepesi. Sababu hiyohiyo inatosha kwa koo. Siku ya meno iwe pia siku ya kupimwa maji ya mililita 100, kupimwa upana wa mdomo kwa rula, kupimwa uzito, kufundishwa mazoezi manne au matano na kuonyeshwa ndugu atakayepika jinsi ya kushusha chakula ngazi moja moja. Vipimo viandikwe kwenye faili lilelile la mionzi, na kila Ijumaa muuguzi avirudie. Anayeshuka kwa wiki mbili mfululizo apelekwe kwa mtaalamu wiki hiyohiyo, mionzi yake ikiwa bado inaendelea.